Kambale wa Tshangalele anakula nini? Inategemea umemtumbua saa ngapi

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza nilikuwa Soko la Kenya, katika mtaa uitwao Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, nimesimama mbele ya beseni lenye kambale sita. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kutoka Mwadingusha, upande wa ziwa Tshangalele, ndani ya gunia lililoloweshwa maji, na bado walikuwa hai, wanafunua na kufunga midomo polepole. Mama muuzaji alikuwa amemkamata mmoja nyuma ya kichwa, pale ambapo miiba ya mapezi haimfikii mtu, anamwonyesha mteja.

Mteja akatikisa kichwa. "Miye huyu sikulaka, mama. Anakulaka matope na vitu vilivyokufa."

"Uwongo! Huyu anakulaka samaki wenzake. Angalia hili tumbo. Samaki wa matope anaweza kunona namna hii?"

Kijana aliyekuwa akibeba mizigo, ambaye baadaye aliniambia amezaliwa kando ya ziwa Tshangalele, akaingilia kati. Kwao, alisema, kambale ni mla majani. Wakati wa mvua ukimpasua unakuta nyasi tu.

Nilinunua wawili, nikaondoka na ubishi ule kichwani. Nimekuwa nikitumbua kambale na kuchungulia matumbo yao tangu nikiwa mwanafunzi wa kilimo na ufugaji, na mabishano ya aina hii nimeyasikia mara nyingi, sokoni na hata darasani. Wote watatu walikuwa wakisema kweli. Kila mmoja aliona alichokiona kwa macho yake. Tatizo liko kwenye swali. Tunauliza "kambale anakula nini" kana kwamba tunauliza ng'ombe anakula nini, tukitegemea jibu la neno moja. Kwa kambale anayeishi katika ziwa la bwawa, yaani ziwa lililotokana na mto kuzuiwa kwa ukuta, lazima kwanza uulize: kambale wa ukubwa gani, mwezi gani, sehemu gani ya ziwa, na aliyemfungua alimfungua saa ngapi baada ya mlo.

Tuanze na mnyama mwenyewe, kwa sababu mwili wake unaeleza mengi.

Kambale tunayemzungumzia ni Clarias gariepinus. Jina hilo la pili linatokana na mto Gariep, ambao wengi wanaujua kama mto Orange, kule Afrika Kusini. Mwingereza William Burchell ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1822. Yuko karibu Afrika nzima, kuanzia Nile hadi kusini. Kichwa chake ni kipana na bapa, kigumu kama sahani ya mfupa, na peke yake kinakaribia theluthi ya urefu wa mwili. Akiachwa aishi miaka mingi anaweza kupita mita moja na nusu. Hana magamba hata moja. Ndiyo maana ndugu zetu Wasabato hawamli, kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Hilo ni jambo la imani, halihusiani na alichokula samaki.

Mpanue mdomo, pitisha kidole taratibu. Hutakuta meno ya kukata wala ya kutafuna. Utakuta ukanda wa vijino vidogo vilivyosongamana kama brashi ngumu, juu na chini. Vijino hivyo havikati kitu. Kazi yake ni kushika, ili kilichoingia kisitoke. Kambale hula kwa kufungua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo, kisha anameza kizima. Kwa hiyo mpaka wa kwanza wa chakula chake ni upana wa mdomo. Kinachopita pale kinalika, kisichopita kinaachwa, au kinanyofolewa vipande kama kimeshakufa na kulainika.

Macho yake ni madogo, na hayamsaidii sana. Huwinda zaidi usiku, na katika maji ya bwawa yaliyochafuka kwa udongo hata mchana ni kama usiku. Anachotegemea ni masharubu yake manane, jozi nne kuzunguka mdomo. Tukiyaita masharubu tunaweza kudhani ni mapambo. Yana ladha. Ngozi yake imejaa vionjo kama vile vilivyo kwenye ulimi wetu, na vionjo hivyo vimesambaa hata sehemu nyingine za mwili. Anapotambaa juu ya matope huku masharubu yakipapasa kushoto na kulia, anaonja chini ya ziwa kabla ya kufungua mdomo. Yule mteja aliyesema kambale anakula matope ameona nusu ya jambo. Matope yanaingia, ndiyo, kwa sababu anachokitafuta kimejificha ndani yake: mabuu mekundu ya vile vijidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi, konokono wadogo, minyoo, mabuu ya kereng'ende.

Tena ana hisi moja ambayo sisi hatuna kabisa. Kwenye ngozi ya kichwa chake kuna matundu madogo yanayohisi umeme dhaifu. Kila kiumbe hai ndani ya maji hutoa umeme kidogo sana, kwa misuli inavyofanya kazi na kwa namna anavyopumua. Kambale anaweza kumtambua samaki aliyetulia gizani bila kumwona wala kumgusa. Domodomo, wale samaki wenye mdomo uliochongoka wanaokaa kwenye matete, wana shida zaidi, maana wao huwasiliana kwa mapigo ya umeme. Mapigo mengi ni mafupi mno, kambale hayasikii. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba katika aina moja ya domodomo mapigo ya dume aliyekomaa ni marefu kuliko ya jike, na hayo kambale anayasikia. Dume anaita majike, na anayemla anausikia mwito huohuo.

Na pumzi. Juu ya matamvua, kambale ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo chekundu, ambacho humwezesha kuvuta hewa kwa kuchomoza mdomo juu ya maji. Ndicho kilichowaweka hai wale sita kwenye gunia. Kwa habari ya chakula, maana yake ni hii: kambale anaweza kuingia mahali ambapo maji yameoza na samaki wengine wanazimia kwa kukosa oksijeni, akala kwa utulivu. Usiku wa mvua anaweza hata kujikokota juu ya nyasi zilizolowa, kutoka dimbwi hadi dimbwi, akijiegemeza kwenye miiba ya mapezi ya kifuani.

Mnyama mwenye vifaa hivi hahitaji kuchagua chakula kimoja. Lakini si kwamba anakula chochote ovyo, muda wote. Hapa ndipo umri unapoingia.

Kambale akitoka kwenye yai anaishi siku chache kwa kiini alichobaki nacho tumboni. Kikiisha, anaanza kukamata vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho, vile vinavyoelea majini na kuitwa zooplanktoni. Baada ya hapo mabuu ya wadudu. Na mapema sana, akiwa bado wa kukaa juu ya ukucha, anaanza kula wenzake. Wanaofuga kambale hapa Lubumbashi wanalijua jambo hili kwa uchungu: unaweka vifaranga elfu, wiki chache baadaye unahesabu mia tatu wakubwa na huoni mizoga. Waliochunguza ulaji huo wamegundua kwamba una hatua mbili. Mwanzoni, wakati mlaji na mliwaji wanakaribiana ukubwa, mlaji humkamata mwenzake kwa mkia, anameza hadi kichwani, na kichwa kinabaki nje kwa sababu kimemzidi upana wa mdomo. Ndiyo maana mfugaji anaona vichwa vidogo vinaelea na kudhani ni ugonjwa. Baadaye, tofauti ya ukubwa ikiongezeka, mkubwa humeza mdogo mzima, akianzia kichwani, wala haachi alama. Dawa yake inajulikana: kuwatenga kwa ukubwa mara kwa mara na kuwalisha vizuri. Hakuna ya miujiza.

Sasa, mtu angetegemea kwamba kadiri kambale anavyokua ndivyo atakavyohamia kwenye windo kubwa na kuviacha vile vijidudu vya utotoni. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Samaki huongezeka tumboni mwa kambale wakubwa. Lakini kuna jambo lililowashangaza watafiti, na kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote katika habari hii.

Fungua kifuniko cha matamvua ya kambale, tazama upinde wa kwanza. Upande mmoja kuna nyuzi nyekundu za kupumulia. Upande wa pili kuna vijiti vyembamba vyeupe, vimesimama kama meno ya kitana. Hivyo ni vichujio. Maji yakiingia mdomoni na kutokea kwenye matamvua, vichujio huzuia chakula kisipotee. Kambale mdogo anaweza kuwa na vichujio ishirini na kitu kwenye upinde huo. Mkubwa anaweza kuwa na zaidi ya 100. Vinaongezeka kadiri anavyokua, kwa hiyo chujio linakuwa pana na lenye matundu mengi madogo. Kumbe samaki mkubwa anaweza kuchuja zooplanktoni vizuri kuliko mdogo. Katika ziwa Chivero karibu na Harare, ambalo pia ni la bwawa na liliundwa mwaka 1952, uchunguzi wa miaka ya 1960 ulikuta hilo hasa: wadogo wamejaa mabuu ya wadudu, na kadiri samaki walivyokuwa wakubwa ndivyo zooplanktoni ilivyoongezeka matumboni. Samaki wa kilo kadhaa, mwenye mdomo wa kummeza tilapia mzima, anaogelea na kuchuja vijidudu vidogo kama punje za chumvi.

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu inamlipa. Kumfukuza tilapia gizani kunachosha, na mara nyingi tilapia anaponyoka. Ziwa la bwawa lenye rutuba linaweza kuwa na zooplanktoni nyingi mno, iliyolala palepale, isiyokimbia. Mwenye chujio anafungua mdomo tu.

Hapo tunafika kwenye bwawa lenyewe, kwa sababu kambale wa mto na kambale wa bwawa hawakai meza moja.

Tshangalele si ziwa la asili. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa pale Mwadingusha, kwenye maporomoko, ili kuzalisha umeme wa migodi ya shaba. Mitambo ilianza kazi mwaka 1930. Nyuma ya ukuta maji yakaenea juu ya tambarare, yakawa ziwa pana lakini la kina kifupi, sehemu nyingi mita chache tu, lenye matete, visiwa vya nyasi na mapori yanayofunikwa na kufunuliwa. Eneo hilo la Lufira liliingizwa na UNESCO katika hifadhi za mpango wake wa Binadamu na Biosfia mwaka 1982. Ziwa la namna hiyo huongozwa na mambo mawili: mvua na ukuta. Kwetu mvua huanza Novemba na kukata kuelekea Aprili. Katikati hapo maji huingia. Miezi ya ukavu yanashuka, kwa jua na kwa maji yanayopitishwa kwenye mitambo. Kwa kuwa kingo zake ni tambarare, ziwa likishuka kidogo tu, nchi kavu inaongezeka sana, na likipanda kidogo, nyasi nyingi zinafunikwa.

Yule kijana mbeba mizigo ameona kambale wa wakati wa mvua. Maji yanapofunika majani, kambale husogea kwenye kina kifupi usiku kutaga mayai, na humo pia kuna karamu: minyoo, panzi, mende, buibui, mbegu, vyura wadogo, kila kilichoshikwa na maji. Anavuta vyote pamoja na nyasi. Ukimpasua asubuhi unaona kijani, unasema anakula majani. Sehemu ya hayo majani inampatia kitu, kwa kuwa kambale humeza mbegu na matunda yaliyoanguka majini, na hayo anayasaga vizuri. Lakini utumbo wake ni mfupi sana ukilinganishwa na wa tilapia, ambaye utumbo wake unajikunja mizunguko mingi kwa ajili ya kuvunja mwani na majani. Nyasi ngumu ndani ya kambale mara nyingi hutoka jinsi zilivyoingia. Kilichomo tumboni si lazima kiwe ndicho kilichomshibisha.

Mama muuzaji, kwa upande wake, anamjua kambale wa mwisho wa ukavu. Ziwa likishuka, tilapia wadogo waliokuwa wamejificha kwenye matete wanafukuzwa nje, wanasongamana kwenye maji machache. Huko Okavango, Botswana, jambo hili linaonekana kwa ukubwa wa kutisha. Kuanzia karibu Agosti hadi Desemba, maji yanaposhuka, makambale hukusanyika kwa mamia na kupanda mkondo kandokando ya mafunjo, wakipiga maji kwa mikia, wakiwatoa domodomo na samaki wengine mafichoni. Ndege wakubwa huwafuata juu kwa juu kuokota wanaoponyoka. Kambale tuliyezoea kumwona kama mzee mpweke wa matopeni kumbe anajua kuwinda kwa kundi. Katika ziwa Sibaya, Afrika Kusini, walionekana pia wakisogea kingoni usiku kuwawinda samaki wa jamii ya tilapia waliolala kwenye maji mafupi.

Basi tumbo ni kalenda. Lakini ni kalenda mbaya, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika, yetu sisi wenye darubini yakiwemo.

Kosa la kwanza ni la saa. Ndani ya tumbo la samaki wa maji ya joto, nyama laini haikai. Mnyoo hupotea ndani ya saa chache. Samaki mdogo hubaki mifupa, magamba, na yale mawe mawili madogo ya sikioni ambayo mtaalamu akiyaona anajua ni samaki gani. Gamba la konokono na mabawa magumu ya mende yanadumu zaidi kuliko vyote. Kwa hiyo ukimfungua kambale saa nne asubuhi, huku alikula saa tano usiku, tumbo litakuambia kwamba anapenda konokono na mende. Wale minyoo mia mbili hawakuacha shahidi.

Kosa la pili ni la mtego. Kambale aliyenaswa kwenye wavu tangu jioni amekaa na njaa usiku mzima, na huenda ametapika akipambana. Wengine hufanya kinyume: wanaingia kwenye wavu kwa sababu wameona tilapia walionasa, wanawala humohumo, na mchunguzi anaandika kwamba chakula chao kikuu ni tilapia. Aliyevuliwa kwa ndoano naye ana chambo tumboni. Wavuvi wengi hutumia kipande cha sabuni ya kufulia, kwa sababu mafuta na harufu yake vinamvuta kambale kutoka mbali. Mwaka mmoja mwanafunzi mwenzangu alikuta sabuni kwenye matumbo manne, akaandika kwa uangalifu wote: "kitu cheupe, chenye mafuta, hakijatambuliwa". Tulikaa nacho wiki nzima hadi mzee mmoja mvuvi alipokinusa.

Kosa la tatu ni la hesabu, na hili ni la hila. Tuseme umefungua tumbo moja ukakuta mabuu 400 na tilapia mmoja mdogo wa gramu 30. Ukihesabu kwa idadi, zaidi ya asilimia 99 ya chakula ni mabuu. Ukipima, na kila buu likiwa na miligramu 3 hivi, mabuu yote ni gramu 1.2 tu, kwa hiyo asilimia 96 ya chakula ni samaki. Tumbo ni lilelile. Mmoja ataandika kwamba kambale ni mla wadudu, mwingine kwamba ni mla samaki, na wote hawakudanganya. Kuna njia ya tatu, ya kuuliza ni matumbo mangapi kati ya mia yamekutwa na kitu fulani, bila kujali wingi. Hapo matope na vipande vya majani vitashinda daima, kwa sababu karibu kila tumbo lina kidogo. Watafiti makini huchanganya njia zote tatu. Mimi nikisoma ripoti yoyote juu ya chakula cha samaki, kabla ya matokeo natafuta kwanza walihesabu vipi, walivua saa ngapi, na miezi mingapi ya mwaka. Ripoti ya mwezi mmoja wa ukavu haiwezi kunieleza kambale wa Januari.

Sasa turudi kwa yule mteja na maneno yake, "matope na vitu vilivyokufa", kwa sababu nyuma yake kuna hofu ambayo si ya kipuuzi.

Maji ya Likasi, mji wa viwanda vya shaba tangu enzi za ukoloni, hushuka kupitia mito midogo kama Panda na kuingia Lufira, kisha Tshangalele. Ziwa la bwawa hutuliza maji. Kilichokuwa kikielea kinatua. Hivyo udongo wa chini ya ziwa umepokea shaba, kobalti na metali nyingine kwa miongo mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bonde hilo la Lufira ya juu na kuzikuta metali hizo kwenye mimea ya majini na ndani ya samaki. Kambale anayepapasa matope na kumeza mabuu yaliyoishi ndani ya matope yaleyale amekaa karibu na chanzo. Hilo ni kweli, na wanaosema siyo wanawadanganya watu.

Lakini tusiruke kutoka hapo hadi kwenye hitimisho kwamba kambale ndiye mbaya na tilapia ni msafi. Watu wengi hufikiri metali zote hupanda ngazi ya chakula zikiongezeka kila hatua, hivyo mla samaki ndiye mwenye sumu zaidi. Zebaki hufanya hivyo. Shaba na kobalti kwa kawaida hazifanyi hivyo. Mara nyingi zinapungua kadiri unavyopanda. Mla mwani na mla vumbi la chini wanaweza kubeba nyingi kuliko anayewala. Tilapia anayekwangua mwani juu ya matope yaleyale hayuko mbali na hatari hiyo. Kitu kingine ni mahali zinapokaa: ini, figo na matamvua hubeba zaidi kuliko nyama ya mgongo, na utumbo uliojaa matope umebeba matope yenyewe. Wale wanaochemsha kambale mzima na matumbo yake, kwa kuwa yana mafuta, wanakula sehemu ambayo ningewaomba waiache ikiwa samaki ametoka upande wa viwanda. Kuondoa matumbo na matamvua hakufuti metali iliyokwisha kuingia kwenye nyama, lakini kunapunguza unachokula. Kukausha juu ya moshi hakuondoi metali hata kidogo. Metali haiungui, na samaki akipoteza maji inabaki ileile katika nyama iliyopungua uzito.

Kwa maneno mengine, uchafu tunaomlaumu nao kambale ni wa mahali alipolishwa. Kambale wa bwawa la mkulima aliyekula pumba na mchwa, kambale wa Luapula, na kambale wa mlango wa mto unaotoka viwandani, wote wana sura moja kwenye beseni. Mteja anayeuliza "ametoka wapi?" ameuliza la maana kuliko anayeuliza "ni samaki gani?"

Wale wawili wangu niliwatumbua jioni ileile, nyuma ya nyumba, juu ya ubao, mbabula, jiko letu la makaa, ikishika moto pembeni. Wa kwanza, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, tumbo lake lilikuwa limevimba na kung'aa. Nilipolikata likamwaga kitu cha kahawia, laini, chenye kumetameta. Nikaosha kwenye chujio la chai. Mabawa. Mamia ya mabawa marefu, membamba, yanayopitisha mwanga, na miili minene iliyokwisha kulegea. Inswa, yaani kumbikumbi. Mvua ya kwanza ilikuwa imewatoa kwenye vichuguu usiku wa kuamkia Ijumaa, nao wakaanguka juu ya ziwa, na samaki huyu aliacha matope yake akapanda juu kula hadi tumbo likakaa kama ngoma. Hakukuwa na udongo hata chembe.

Wa pili, mkubwa zaidi, alikuwa na uti wa mgongo wa tilapia ukiwa na mkia bado, magamba yaliyoshikana kama sarafu, konokono wawili, na kijiko kimoja cha matope meusi. Ziwa moja, wiki moja, gunia moja.

Jumamosi iliyofuata nilipita tena kwa yule mama. Alinikumbuka. "Papa, ulikuta nini?"

"Mmoja alikuwa amekula inswa, mama. Tumbo zima."

Akasimamisha kisu. "Inswa? Basi alikula kama siye." Nyumbani kwake, aliniambia, wiki ileile watoto walikuwa wameweka ndoo ya maji chini ya taa, na asubuhi waliwakaanga na chumvi, wakala na bukari, ugali wetu.

"Na ule mwingine?"

"Tilapia. Na konokono. Na matope kidogo."

Akageukia beseni, akamtafuta aliyenona, akamwinua.